Hamira ya Voss kwenye joto la Mombasa: uzoefu wangu

Nimetumia LalBrew Voss, hamira kavu ya bia ya pakiti za gramu 11, kwa ndoo za lita 20 ninazochachushia bia nyumbani. Kwa hapa Pwani naipa nne kwa tano. Ila kila nikisikia mtu analalamika kwamba bia yake inachachuka polepole, swali langu la kwanza huwa ni moja: umeiweka kwenye barafu?

Ndivyo tulivyozoea. Hamira nyingi za bia hupenda nyuzi 18 hadi 22, kwa hivyo ndoo hukalishwa kwenye karai la barafu na mtu anaibembeleza kama mgonjwa wa homa. Voss ukiifanyia hivyo italala. Asili yake ni Voss, Norwei, kwa Sigmund Gjernes, aliyeitunza kwa njia za jadi tangu miaka ya 1980, na joto linaloifaa hasa ni nyuzi 35 hadi 40. Hata nyuzi 29 za sebuleni kwake ni ubaridi. Haikwami, inajikokota tu: kwangu, woti (maji matamu ya kimea kabla hayajawa bia) yenye uzito wa 1.050, ambapo maji matupu ni 1.000 na namba hupungua sukari ikiliwa, hushuka hadi 1.011 kwa siku tatu ikiwa nyuzi 37, lakini kwa 29 huchukua karibu wiki.

Hapa ndipo inapolipa. Maji ya mfereji yanatoka yakiwa vuguvugu, kwa hivyo kupoza woti hadi 20 lazima ununue barafu. Kwa Voss unapoza hadi 38 tu, na maji ya mfereji yanatosha. Mwaga hamira, funga ndoo, izungushie blanketi zito. Uchachukaji wenyewe unazalisha joto. Ukiweka ndoo kwenye karai la maji lenye hita ya tangi la samaki ni vizuri zaidi. Nyingi hukomea 34, na hiyo inatosha.

Sababu ya pili ya bia kujikokota, baada ya ubaridi, ni njaa. Voss yataka chakula kingi kuliko hamira za kawaida, hasa woti ikiwa nyepesi. Anayepunguza kimea na kujazia sukari anaikosesha naitrojeni, maana sukari haina kitu zaidi ya utamu wake. Mimi natia vijiko viwili vya chai vya hamira ya mahamri kwenye sufuria dakika 10 kabla ya kuepua. Inakufa kwa moto na kuwa chakula cha mwenzake. Ndiyo, hamira inakula hamira.

Sasa vipimo, maana nusu ya bia zinazosemwa zimekwama hazijakwama. Mrija wa hewa usipotoa mapovu huenda ni mpira wa kifuniko tu unaovuja. Refraktomita, kioo kinachopima sukari kwa mwanga, nayo hudanganywa na pombe: woti iliyoanza Brix 12.4 (kipimo cha sukari, hapa sawa na 1.050) ikimaliza kabisa kwenye 1.011, bado kioo kitaonyesha Brix 6 na ushei, na ukiisoma hivyo hivyo utadhani uko kwenye 1.025. Tumia haidromita, kile kipimo kinachoelea ndani ya sampuli. Lakini nyingi zimepimiwa nyuzi 20, na sampuli ya nyuzi 37 husoma pungufu kwa kama pointi 5. Yaani ukiona 1.011 kwenye sampuli ya moto, ukweli ni 1.016, na ukiitia chupani siku hiyo, chupa zinaweza kupasuka. Acha sampuli ipoe, na usijaze chupa mpaka usomaji ubaki uleule kwa siku mbili. Usirudishe sampuli ndoani, inywe, inafundisha.

Pakiti nayo ikague kabla ya kulipa. Iwe ngumu kama tofali; ikibonyea, hewa imeshaingia. Muuzaji mmoja aliniuzia pakiti laini iliyokaa rafu ya juani, na povu la kwanza lilionekana baada ya saa 40. Ukiwa na shaka, inyunyize kwenye mililita 110 za maji ya nyuzi 30 hadi 35, subiri dakika 15, koroga. Itakuwa kama maziwa mazito. Isipokuwa hivyo, usiitegemee. Nyumbani weka kwenye friji.

Ikiwa bia kweli imesimama juu ya 1.020, pandisha joto hadi 37, tikisa ndoo taratibu bila kufungua, subiri saa 48. Kufungua kila saa kunakaribisha vijinzi vya maembe, na siki hufuata. Isiposogea, ongeza pakiti mpya. Lakini kama kimea ulikiloweka juu ya nyuzi 70 badala ya 65 hadi 67, woti imejaa sukari ambazo hamira haiziwezi. Hakuna pakiti itakayokuokoa.

Pointi moja nimeinyima kwa sababu ya ladha. Ina harufu ya chungwa, nzuri kwenye bia ya rangi ya dhahabu yenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu). Kwa bia nyeusi nzito sitaitumia tena.