Kadi ya grafiki au prosesa: ipi inabana gemu lako?

Kabla ya kupima, zima V-Sync (mpangilio unaofunga fremu, yaani picha kwa sekunde, kwenye kasi ya skrini) na kikomo cha fremu, la sivyo namba zitakudanganya. Kisha fungua MSI Afterburner, programu inayoonyesha matumizi ya kadi na prosesa, ukiwa unacheza.

Kadi ya grafiki ikiwa ndiyo inayobana, hujitaja yenyewe: matumizi yake hukaa asilimia 97 hadi 99, na ukishusha rezolusheni kutoka 1440p hadi 1080p, fremu hupanda papo hapo.

Prosesa ni ngumu zaidi kuinasa. Kadi inabaki na nafasi, rezolusheni ikishuka fremu hazisogei, na picha inashtukashtuka penye umati. Usitazame wastani wa prosesa nzima! Unaweza kusoma asilimia 40 huku kiini kimoja (core) cha prosesa kimejaa na kuchelewesha kila kitu. Hapo kadi mpya ni hasara tupu. Punguza kwanza umati na umbali wa kuonekana kwa vitu kwenye mipangilio ya gemu.