Kuchagua Pikipiki Iliyotumika kwa Ajili ya Kuiunda Upya Nyumbani

Mtu anayenunua pikipiki iliyotumika ili aingie nayo barabarani kesho yake huanza kwa kusikiliza injini, na hana kosa. Anayenunua ili aivue, aikate na kuipa umbo jingine kwenye uwanja wa nyumba yake anapaswa kugeuza mpangilio huo: atazame kwanza kadi ya usajili, kisha fremu, kisha upatikanaji wa spea, na injini aiweke mwisho. Injini ndogo ya pistoni moja, hata ikiwa imechoka kiasi gani, hufunguliwa na kufungwa upya na fundi wa mtaani kwa vipuri vinavyouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, ilhali fremu iliyopinda shingoni, yaani pale usukani unapoingia, na pikipiki isiyo na kadi huwa hasara tangu siku ya kwanza, kwa kuwa hakuna rangi wala kiti cha ngozi kitakachoziponya. Kwa hiyo mpangilio wa chaguo ninaoutoa hapa unahusu kazi ya kuunda tu. Mtu wa bodaboda angezipanga kwa namna nyingine kabisa.

Ushauri mmoja wa bajeti kabla ya majina: bei ya kununulia isizidi nusu ya fedha yote uliyotenga. Matairi, mnyororo na sproketi, nyaya, kuchomelea, kukereza, rangi na kiti vitamaliza nusu ya pili bila huruma.

Nafasi ya kwanza naipa pikipiki ya Kichina ya cc 125 au 150 yenye injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125, kama vile SanLG, Fekon na Kinglion za miaka iliyopita. Najua wengi watashangaa, kwa sababu pikipiki hizi zimezoeleka kudharauliwa. Lakini Honda, ilipoitoa CG125 mwaka 1976, ilikuwa imelenga nchi ambako pikipiki hubebeshwa mzigo mzito na kupata matunzo haba, na ndiyo maana injini yake haina cheni ya taimingi: kamshafti imewekwa chini, nayo husukuma valvu kwa fimbo, hivyo kimepungua kitu kimoja cha kulegea na kupiga kelele. Kwa muundaji wa nyumbani faida ni kubwa zaidi, kwani bloku, pistoni, hedi, kabureta na hata injini nzima huuzwa kwa bei ya chini kuliko za aina nyingine, na fremu yake ni ya mabomba ya kawaida yenye shokapu mbili za nyuma, ambayo fundi wa kuchomelea huielewa kwa kuitazama tu. Mstari ulionyooka kutoka chini ya tangi hadi mwisho wa kiti, ambao ndio roho ya mtindo wa café racer uliokuzwa na vijana wa Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960, hupatikana kwa kukata kipande cha nyuma, mradi ukate nyuma ya mahali shokapu zinaposhikwa na urudishe bomba la kuunganisha pande mbili. Nyaya zake pia ni chache kiasi kwamba mtu mwenye subira anaweza kuzitengeneza upya zote kwa mkono wake.

Udhaifu upo. Boliti zake ni laini na hukatika zikikazwa kwa pupa, na ubora wa kuchomelea kwa kiwandani hutofautiana hata kati ya pikipiki mbili za jina moja. Angalia pia alama iliyopigwa kwenye injini: 156FMI ni ya cc 125 na 162FMJ ni ya cc 150, na tarakimu hizo za 56 na 62 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Ikiwa kadi inasema 125 nawe unasoma 162FMJ, injini imebadilishwa, na muuzaji anadaiwa maelezo.

Ya pili ni Bajaj Boxer BM150. Ni imara kuliko za Kichina, spea zake zipo hadi kwenye maduka ya vijijini, na injini yake ya cc 144.8 ina nguvu ya kutosha hata baada ya kuongezewa matairi mapana kidogo. Kinachoishusha ni soko lenyewe: kwa kuwa madereva wa bodaboda wanaipenda, bei yake haishuki haraka, na ile inayouzwa rahisi kwa kawaida imekwisha kunyonywa, ikabeba mishikaki (abiria zaidi ya mmoja kwa pamoja), magunia ya mkaa na kreti za soda kwa miaka mingi. Kamshafti yake iko juu na huendeshwa kwa cheni, hivyo mlio wa kukwaruza upande mmoja wa silinda wakati injini imetulia unadai gharama. Rimu zake za inchi 17 huifanya ikae chini, jambo linalofaa umbo la bobber (fupi, la chini, lililopunguzwa mapambo) kuliko la scrambler (la juu, la njia mbovu).

TVS HLX naiweka ya tatu kwa sababu fupi: ni pikipiki nzuri ya kazi, lakini karibu kila kinachosemwa juu ya Boxer kinaihusu, na vifaa vyake havina wingi ule ule. Ukiikuta ikiwa na hali nzuri na bei nzuri kuliko Boxer, ichukue bila wasiwasi.

Ya nne, na kwa moyo wangu ingekuwa ya kwanza, ni Yamaha DT125 au Honda XL125, ambazo hutoka kwenye minada ya taasisi na miradi zikiwa zimetumiwa na maofisa ugani na watu wa afya. Umbo la scrambler zinalo tayari. Kazi hubaki kupunguza plastiki na kutafuta tangi na kiti. Hata hivyo DT ina injini ya mipigo miwili, ambayo hutaka oili yake maalumu bila kukosa, na pompu ya oili ikifa kimyakimya, pistoni hufuata. Vipuri halisi ni ghali na vya bandia ni vya kubahatisha. Inunue ikiwa una pikipiki nyingine ya kutembelea wakati hii inasubiri kifaa. Yamaha AG100 nayo hutokea kwenye minada hiyo hiyo. Mnyororo wake umefunikwa kabisa na keria zake za mizigo ni za chuma kizito, na kwa maoni yangu kuikata ni kuiharibu. Muuzie mkulima.

Pikipiki za umbo la mashindano zilizofunikwa kwa plastiki pande zote siziingizi kwenye orodha. Ukizivua, fremu iliyo chini haikukusudiwa kuonekana.

Unapokwenda kuikagua, shika injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, mtu ameificha shida ya kuwaka asubuhi. Simama nyuma yake hatua chache utazame kama magurudumu mawili yako kwenye mstari mmoja. Kisha inua gurudumu la mbele na uzungushe usukani polepole: ukihisi kukwama katikati, beringi za shingo zimekwisha, na hilo ni jambo dogo, lakini rangi iliyopasuka au kutu ya mstari mwembamba karibu na shingo ni dalili ya ufa, na hapo ondoka. Moshi wa bluu kwenye injini ya mipigo minne ni wa ringi au sili za valvu, kwa hiyo utumie kushushia bei tu.

Suala la kadi ndilo linalowaumiza wengi, hasa kwa pikipiki zilizotoka kwenye bodaboda. Nyingi ziko kwenye mkataba: mwenye pikipiki amemkabidhi dereva, dereva huleta hesabu hadi deni liishe, na kadi hubaki kwa mwenyewe. Dereva aliyechoka au aliyekwama anaweza kukuuzia kitu ambacho bado si chake, akikuahidi kadi wiki ijayo. Usitoe fedha mpaka aliyeandikwa kwenye kadi awepo, na umiliki uhamishwe Mamlaka ya Mapato (TRA) ikiwa uko Tanzania, au kwa mamlaka ya usafiri (NTSA) kupitia tovuti ya eCitizen ikiwa uko Kenya. Linganisha namba ya chesisi iliyopigwa shingoni mwa fremu na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, kwa tochi. Wakati wa kupiga msasa na kupaka rangi, ifunike namba hiyo kwa utepe, maana rangi nzito huifukia na askari hatasubiri uikwangue. Rangi ya pikipiki na namba ya injini navyo vimeandikwa kwenye kadi, kwa hiyo ukivibadilisha, peleka taarifa ili kadi irekebishwe kabla hujaanza kuiendesha.