Warsha ya mbinu za kusoma pale Ngamiani, Tanga

Nilihudhuria warsha ya siku mbili kuhusu msongo wa masomo, iliyoandaliwa na kituo kimoja cha kujisomea huku Ngamiani, wiki tatu kabla ya mitihani ya muhula, wakati ambapo usingizi ulikuwa umenipaa na kila nilichosoma usiku kilitoweka asubuhi.

Siku ya kwanza tulijaza dodoso la VARK, lililobuniwa na Neil Fleming wa Nyuzilandi, ambalo huwagawa wanafunzi katika makundi ya kuona, kusikia, kusoma na kuandika, na kutenda. Hapo ndipo ninapolaumu. Mwezeshaji alitutaka kila mmoja asome kwa mtindo wake tu, ilhali mapitio ya tafiti yaliyofanywa na mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 2008, hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa mtindo anaoupenda humwongezea ufaulu. Mwanafunzi wa uuguzi aliyeketi karibu nami, aliyeambiwa kuwa ni wa kusikia, aliondoka akiamini kwamba michoro ya mifupa haimhusu, jambo lililonisikitisha sana.

Siku ya pili, hata hivyo, ilistahili ada yote. Tulifundishwa kufunga daftari na kujiuliza maswali, na kurudia mada baada ya siku kadhaa badala ya kukesha usiku mmoja, kisha mshauri nasaha, dada mpole asiye na haraka, akamsikiliza kila mmoja faraghani. Chumba kilikuwa na joto, lakini maji ya kunywa yalitosha. Ningewashauri waandaaji waanze na siku hiyo ya pili, na dodoso waliache.