Vipande vya sehemu vya kupachika: vizuri, ila theluthi wameiharibu

Nilivinunua Kariakoo kwa shilingi 18,000, kwa ajili ya binti yangu wa darasa la tano. Ni vipande vya plastiki, kila kimoja kina uso wa sehemu, wa desimali na wa asilimia. Unageuza ¼ unakuta 0.25, unageuza tena, 25%. Hapo ndipo hela yangu iliporudi. Binti alipachika vipande viwili vya ⅛ kando ya ¼, urefu ukalingana, akavigeuza: 0.125 na 0.125. Akajumlisha mwenyewe bila kuniuliza. Kabla ya hapo alikuwa anakariri tu "zidisha kwa mia".

Kasoro kubwa ni theluthi. Wameandika 0.33 na 33%, bila alama yoyote kwamba tarakimu zinaendelea. Ukijumlisha tatu unapata 0.99, na mtoto akang'ang'ana kwamba kuna kitu kimeibwa. Ana haki! Nimeandika juu yake kwa maka peni: 33⅓%.

Rangi za ⅕ na ⅙ nazo zimekaribiana mno, usiku huzitofautishi. Bado ningenunua tena. Hesabuni tu vipande kabla ya kutoka dukani, maana seti yangu ilikuja na pungufu ya 1/10 moja.