Meli ya kivita ya mtumba ya Mmarekani au mpya ya Mkorea?
Huu mjadala wa jeshi la majini la Ufilipino, wanunue ipi, hauishi jamani. Mwaka 2011 walichukua Gregorio del Pilar, meli ya walinzi wa pwani wa Marekani ya miaka ya 60, bei ya kutupa na wakaipata chapchap. Ila mtumba ni mtumba, ina umri wa babu, spea za kuhangaikia, na Wamarekani waling'oa ule mzinga wa kutungua makombora kabla ya kuikabidhi, inaniuma kweli, baharia unampeleka mbele ya Mchina, wanayegombania naye bahari, na mzinga mmoja mkubwa wa milimita 76!

Jose Rizal, meli yao ya kivita iliyoundwa Korea Kusini, iliingia kazini 2020, mpya kabisa, imeundwa kurusha makombora na torpido (mabomu yanayokwenda chini ya maji). Lakini meli mbili za aina hiyo zilikula karibu peso bilioni 16, makombora na risasi zake pembeni, na mkataba ni wa 2016, yaani miaka minne unasubiri.

Kwenye urafiki mtumba unashinda, unakuja na mafunzo na mazoezi ya pamoja. Kwa hiyo kama nchi yako haina kitu na adui yuko mlangoni, chukua mtumba leo. Kama bajeti ipo na mafundi wapo, agiza mpya, na spea ziandikwe kwenye mkataba.