Variesheni za Goldberg: uanze na rekodi ya nani? Tano za Bach mezani

Habari zenu wadau, karibuni. Leo mezani kuna kazi moja tu ya Bach, Variesheni za Goldberg, na rekodi zake tano. Ukimuuliza mtu yeyote anayefuatilia muziki wa klasiki uanze na ipi, utaambiwa ya mpiga piano Glenn Gould, ile ya 1955. Sisi tunasema isiwe ya kwanza. Ni rekodi kubwa na tutaisifu hapa hapa, lakini kwa sikio linalokutana na kazi hii mara ya kwanza, inapita kabla hujashika kitu. Sababu ni marudio, kwa hiyo tuanzie hapo.

Kazi ilichapishwa 1741. Inaanza na Aria, kipande kinachoweka msingi, zinafuata variesheni 30, yaani sura tofauti za msingi huo huo, halafu Aria inarudi kama ilivyokuwa. Jumla vipande 32. Karibu kila kipande kimekatwa nusu mbili, na Bach ameweka alama ya kurudia kila nusu. Anayetii alama anapiga nusu ya kwanza mara mbili, kisha ya pili mara mbili. Anayeziruka anapunguza muda karibu nusu. Ndiyo maana Gould wa 1955 anamaliza kwa dakika 38 na sekunde kadhaa, na mpiga piano mwingine, Murray Perahia, anatumia kama dakika 73. Usiseme Perahia ni mzito. Anapiga kila kilichoandikwa.

Marudio hayo yana faida gani kwako? Kinachofungamanisha variesheni hizi ni besi, siyo melodi. Ukisubiri melodi ya Aria irudi kwenye variesheni ya 1, ya 2, ya 3, utasubiri mpaka mwisho. Wanakwaya hapa mmeshapata kazi rahisi: besi ya bari nane za kwanza, kwa solfa, ni d t l s, halafu m f s d. Kila bari na noti yake. Zile nne za kwanza zinashuka. Iimbe mara kadhaa kabla hujabonyeza chochote, kisha weka Aria na usikilize mkono wa kushoto peke yake. Halafu nenda variesheni ya 1, ufuate zile zile. Kukiwa na marudio, mara ya kwanza unaitafuta besi, mara ya pili unaisikia. Bila marudio, variesheni ya 1 ya Gould inaisha kwa takriban sekunde 45, na wewe bado uko kwenye "t".

Kuna jambo la pili la kufuata. Kila variesheni ya tatu ni kanoni, yaani sauti moja inaanza na nyingine inaiga nyuma yake. Ya 3, ya 6, ya 9, hivyo hivyo mpaka ya 27. Kwenye ya 3 sauti ya pili inaingia baada ya bari moja, kwenye noti ile ile ya mwenzake. Kwenye ya 6 inaiga ikiwa imepanda hatua moja, na umbali unaongezeka mpaka tunafika ya 27, ambako umbali ni wa noti tisa. Ya 27 ina sauti mbili tu, hakuna besi ya kuzishikilia chini. Hiyo ndiyo ya kujifunzia kusikia kanoni, kwa sababu hakuna cha kukuchanganya.

Sasa, kabla ya rekodi, fungua simu yako. Lalamiko la "mbona inakatika" au "mbona imekaa vibaya" mara nyingi linatoka kwenye mipangilio, mpiga piano hana kosa. Ingia kwenye programu yako ya muziki, zima ile ya kuunganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata. Kwenye bongofleva inapendeza. Hapa inamwaga variesheni ya 2 juu ya mkia wa ya 1. Zima uchezaji wa kuchanganya, maana mpangilio ndio muziki wenyewe: ya 16 ni ovacha ya Kifaransa, yaani kipande cha ufunguzi, inayofungua nusu ya pili, haiwezi kutangulia ya 5. Zima usawazishaji wa sauti unaolinganisha kipande kwa kipande, kwa sababu utaipandisha ya 25, ambayo ni ya chini kwa makusudi. Na zima kikuza besi pamoja na madoido ya "sinema" kwenye mipangilio ya simu. Kikuza besi hakikusaidii kusikia besi ya Bach. Kinavimbisha noti za chini kabisa, na mkono wa kushoto hapa unatembea sana katikati ya kinanda.

Akaunti ya bure yenye matangazo haifai kwa kazi hii. Tangazo likiingia kati ya ya 15, ambayo ni ya huzuni na inaishia juu ikiwa imening'inia, na ya 16 inayofungua mlango kwa kishindo, umepoteza mahali pazuri kuliko pote katika kazi nzima.

Upande wa bando, hesabu ni nyepesi. Sauti ya kilobiti 320 kwa sekunde inakula megabaiti 2.4 kwa dakika, kwa hiyo albamu ya dakika 73 ni kama megabaiti 175. Ukishuka hadi kilobiti 96, ni kama 53, lakini usifanye hivyo kwa hapsikodi, kinanda cha zama za Bach: nyuzi zinazodonolewa zina ncha kali, na ubanaji mkubwa unazigeuza kuwa mchanga. Piano peke yake inavumilia zaidi. Pakua mara moja kwenye Wi-Fi, sikiliza bila mtandao.

Na mahali pa kusikilizia. Mjini hapa ukikaa karibu na barabara, au feni iko kwa kasi ya juu, mkia wa kila noti ya piano unafunikwa. Watu wanapandisha sauti ili wasikie ya 25, halafu ya 26 inaingia na kuwapiga masikioni. Hedifoni zinazofunika sikio zima, zile za kikombe kilichofungwa, zinasaidia kuliko kuongeza sauti. Spika ndogo ya duara yenye mdomo mmoja inatosha kwa rekodi ya 1955 tu, kwa sababu hiyo yenyewe ni mono, yaani sauti ya njia moja.

Haya, rekodi.

Perahia, Sony, 2000. Hii ndiyo ya kuanza nayo. Piano iko karibu bila kukubana, mkono wa kushoto unaongea waziwazi, na marudio yote yapo. Kubwa zaidi, anaporudia habandiki nakala: mara ya pili anaongeza pambo hapa, anapunguza uzito pale, anatoa sauti ya kati ambayo mara ya kwanza aliiacha nyuma. Jaribu ya 13, kisha ya 25. Udhaifu wake? Kwenye variesheni za kasi kama ya 14 ni mstaarabu kidogo. Anayetaka moto atautafuta kwingine.

Moto uko hapa: Gould 1955, Columbia. Alirekodi Juni mwaka huo kwenye studio ya 30th Street, New York, akiwa na miaka 22. Sauti kavu, vidole vinatenganisha kila noti, na ya 5 inapita kama sekunde 37. Ukishaijua kazi kwa Perahia, rekodi hii inakushtua ipasavyo, kwa sababu unajua ni nini kinachokimbizwa. Ya 25, ambayo mpiga hapsikodi Wanda Landowska aliiita lulu nyeusi, kijana huyu anaipa zaidi ya dakika 6 bila haraka yoyote, na hapo ndipo unapoona kwamba kasi yake kwingine haikuwa majivuno.

Gould 1981 ni mtu mwingine. Studio ile ile, safari hii piano ni Yamaha, na Aria inayotumia dakika 1 na sekunde 53 mwaka 1955 sasa inatumia dakika 3 na sekunde 5. Hapa hakuna ujanja wa marudio, kwa kuwa Aria zote mbili hazirudiwi. Ni mwendo mtupu. Amefunga variesheni kwa mapigo yanayohusiana, kiasi kwamba ukigonga kidole mezani mwisho wa moja, mara nyingi utaona inayofuata imekaa kwenye pigo hilo hilo au nusu yake. Kuna marudio machache, hasa nusu za kwanza za kanoni. Na ndiyo, anaguna na kuimba chini chini mwanzo hadi mwisho. Siyo hitilafu ya faili lako. Kwa hedifoni utamsikia sana, kwa spika kidogo.

Angalizo kwa mnaotafuta Gould. Seti ya Sony ya 2002, A State of Wonder, ina rekodi zote mbili, na ile ya 1981 imetolewa upya kutoka kwenye tepu za analogi zilizowekwa sambamba na mashine za dijitali. Ina joto zaidi; ichukue hiyo. Ukiona neno Zenph kwenye kava, hiyo ni ya 2007: kompyuta ilichambua rekodi ya 1955 na kuipigisha piano upya. Ni kazi ya uhandisi yenye thamani, lakini kidole cha Gould hakikuwepo. Na toleo la 1955 lililoandikwa "stereo" limetanuliwa kwa bandia. Achana nalo, mono ni imara zaidi.

Trevor Pinnock, Archiv, 1980, hapsikodi. Bach aliiandika kazi hii kwa hapsikodi ya safu mbili za vibao, na variesheni kama ya 8, ya 20 na ya 28 zinavusha mkono mmoja juu ya mwenzake. Kwenye piano yenye safu moja vidole vinagombania vibao vile vile. Kwa Pinnock kila mkono una safu yake, na ghafla msongamano unaisha. Masikio yaliyokulia kwenye taarabu ya Unguja hayatapata shida: hapsikodi inadonoa nyuzi kama ganuni. Shusha sauti chini ya ulivyozoea kwa piano. Chombo hiki hakina noti laini na noti kali, kwa hiyo ukikiweka juu kinachosha ndani ya dakika kumi, na watu wanaishia kukilaumu bure.

Ya tano ni bure kabisa, tena kihalali. Kimiko Ishizaka, 2012, kwenye Bösendorfer kubwa, mradi uliochangiwa na watu na kutolewa chini ya CC0, yaani haki zote zimeachiwa umma, rekodi pamoja na noti zake zilizoandaliwa kwa MuseScore, programu ya kuandikia noti. Upigaji ni wazi na wa adabu. Hauna ubunifu wa Perahia kwenye marudio, lakini kwa kujifunza hakuna inayoifikia: noti zinafunguka kwenye skrini, wewe na kidole chako mnafuata ile d t l s. Mwalimu wa kwaya anaweza kuiweka kwenye flashi akawagawia wote, ukaitumia kwenye harusi, au ukaiweka chini ya video yako. Pakua faili za FLAC, zile zisizopoteza kitu cha sauti, ukiwa na nafasi, siyo nakala iliyopandishwa na mtu baki ambayo imeshabanwa mara mbili. Na mfumo wa tovuti ya video ukikuletea dai la hakimiliki juu yake, usifute video. Jibu dai, andika jina la mpigaji na CC0, bandika kiungo cha ukurasa wa mradi.