Mtoto kavaa sanda: uzoefu wangu na Halloween za maktaba huku Marekani

Nianze na mama yangu mzazi maana bila yeye hii rivyu haina utamu. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi nimempigia video kol Tanga, huku ni asubuhi kule jioni, watoto wanapita mmoja mmoja kumwamkia, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, mara katokea huyu wa mwisho, ana miaka minne, kajifunika gubigubi shuka jeupe limetobolewa matundu mawili ya macho. Ndo nguo yake ya kuendea maktaba. Mama kanyamaza weee, nikadhani neti imekata, kumbe anaangalia. Afu akasema, "Wewe, mtoto umemvisha sanda unampeleka wapi?" Nikamwambia mama hii si sanda, ni mzimu wa kizungu, kuna shughuli ya watoto maktaba. "Maktaba gani hiyo watu wanaingia na sanda? Mvue shuka la watu."

Nikamvua. Simu ilipokatika nikamvisha tena, na kwenye gari najiuliza hivi nafanya nini jamani.

Sisi tunaishi Kentucky, upande wa Louisville, tuna miaka sita sasa. Mi nafanya usafi wa usiku maofisini, baba watoto anaendesha lori kwahiyo wiki nyingi hayupo. Halloween, ule usiku wa tarehe 31 mwezi wa kumi watoto wanavaa kama mizimu wanapita nyumba kwa nyumba kuomba pipi, nyumbani kwetu tulikuwa tunazima taa tu ya barazani, watoto wa watu wakija kugonga wanajua hapa hakuna pipi wanapita. Ila wangu wanakua, shule wanarudi na mabuibui ya karatasi, sasa unawafungia ndani mpaka lini. Na huu mji wakati huo umechanganyikiwa kabisa, Iroquois Park wanapanga maboga yaliyochongwa kwa maelfu unazunguka unaangalia, kuna Waverly Hills ile hospitali ya zamani ya TB mlimani ambayo watu wazima wanalipa waende kutishwa, na vyote hivyo ni hela, ukipiga mahesabu ya vichwa vinne unaona bora ulale. Maktaba ni bure. Ndo nikaanzia hapo, sitawaficha.

Jina la tawi silitaji maana wale wadada wananijua na nina kitabu chao nimechelewesha.

Cha kwanza kabisa, kujiandikisha. Wanafungua onlaini asubuhi, siku wanayofungua mi ndo nimetoka shifti nimelala, naamka saa nane mchana shughuli ya maboga imejaa, ya vijana imejaa, imebaki ya hadithi tu, zile nyingine nimewekwa kwenye orodha ya kusubiri. Kwa maktaba iliyoko mtaa wenye watu wa shifti kama sisi hilo wangelifikiria, hata wangebakiza nafasi chache za kuandikisha mtu akija mwenyewe kaunta. Nilimwambia dada wa pale, akaandika kwenye karatasi. Bahati nzuri watu wanajiandikisha afu hawaji, mwisho wa siku tuliingia kote.

Saa ya hadithi ilikuwa nzuri. Dada msomaji kavaa kofia ya kichawi ile ndefu, soksi zenye mistari, anasoma kwa sauti inayopanda na kushuka, watoto kama thelathini chini kwenye zulia kila mmoja na vazi lake, wangu na sanda yake yuko mbele kabisa. Katikati ya hadithi akawaeleza kwamba hii kitu ilianzia kwa watu wa Ayalandi zamani sana, mavuno yakiisha na giza linaingia walikuwa na sikukuu yao ya Samhain, wanaamini usiku ule waliokufa wanatembea, na taa zao walikuwa wanachonga kwenye tanipu, mzizi wa mviringo kama kiazi, wahamiaji walipokuja Marekani wakakuta maboga, makubwa na rahisi kuchonga, wakahamia huko. Nilipenda alivyosema wahamiaji. Mi nimekaa nyuma na mkoba wangu nikasema kimoyomoyo kumbe na hii ililetwa na mabegi.

Maboga sasa. Watoto wanapewa boga dogo la kiganja, rangi na brashi, hakuna kisu, nawasifu kwa hilo. Ila pale mlangoni kulikuwa na maboga makubwa wafanyakazi wamechonga, nyama yote ya ndani imekwanguliwa imetupwa kwenye pipa, na mtu wa Tanga akiona boga anaona futari ya nazi, roho iliniuma kweli. Nikamuuliza dada hizi za ndani mnafanyia nini, akacheka akadhani natania.

Sasa kilichonikera. Chumba cha chini walikuwa wamewapa vijana wa sekondari wakitengeneze kiwe nyumba ya kutisha, mapazia meusi, moshi wa mashine, taa zinakatika katika. Wazo zuri, vijana wamefanya kazi, mwanangu wa miaka kumi na tatu alikuwa mmoja wa waliojificha humo na ndo mara ya kwanza nimemwona anaamka Jumamosi bila kuitwa. Tatizo hakuna aliyesimama mlangoni kusema watoto wadogo wasiingie, kibao cha umri kipo lakini kimebandikwa ndani, unakisoma ukishaingia. Mi nimemshika mkono huyu mdogo, tumefika kwenye kona mtu karuka na sauti ya msumeno, spika imefunguliwa mwisho, mtoto kakojoa hapohapo kwenye shuka. Na yule aliyeruka ni kaka yake! Kavua kinyago analia "mama sikujua ni nyie". Nikawabeba wote wawili nje. Dada mmoja wa pale alikuja mbio na taulo za karatasi, kaomba radhi vizuri, na nilivyopita tena baadae kile kibao kimehamishiwa nje. Haya, limeisha, lakini shuka lilikuwa la seti yangu mpya.

Pipi walikuwa wanagawa katikati ya mashelfu, kila kona mfanyakazi na kikapu, mtoto anasema maneno yao yale ya trick or treat, yaani nipe pipi au nikufanyie utundu, anapewa. Waislamu wenzangu mnaosoma hapa, angalieni jelatini, zile laini za kutafuna nyingi zinayo na hawaandiki ya mnyama gani. Nilijiandaa kuanza kuchambua mfuko mzima kama mchele, kumbe kulikuwa na meza yenye boga lililopakwa rangi ya bluu iliyochanganyika na kijani. Ile rangi ni alama inayojulikana nchi nzima, kampeni ya mwaka 2014 ya watu wa mzio wa chakula, ukiiona ujue hapo wanatoa vitu visivyoliwa, penseli, stika, vibuibui vya plastiki. Binti yangu wa miaka tisa kasimama meza ile ile mara tatu. Hakuna aliyemuuliza mzio gani.

Ila kilichonimaliza ni midoli kulala maktaba. Mtoto anamleta mdoli wake Ijumaa jioni, anaandikishwa jina kwenye kikaratasi, anamfunika, anamuaga, afu kesho yake anakuja kumchukua na kupewa picha za alichofanya usiku. Wangu alimpeleka tembo wake wa kitambaa mwenye sikio moja. Kesho yake tunapewa picha, tembo yuko kwenye mashine ya kutoa kopi, tembo anarudisha kitabu kwenye lile tundu la ukutani, tembo na sungura wa mtu wamekaa wanasoma na boga lenye taa katikati yao. Yaani kuna mtu mzima na mshahara wake alibaki baada ya kazi kupiga picha tembo wa sikio moja. Ile picha iko frijini kwangu mpaka leo, na mtoto anaamini kabisa, tukipita na gari usiku anaipungia maktaba mkono.

Jirani yangu ni mama Mkongo wa Uvira, mlokole, tunapikiana. Nilivyomwambia twende wote alishika kichwa, "Dada, unapeleka batoto kwa mashetani?" Yeye wake anawapeleka kanisani, wanapaki magari wanafungua buti wanagawa pipi. Nikamuuliza na hao wanaogawa wanavaa nini? Akasema simba, malaika, polisi. Siku gani? Tarehe 31. Tukaangaliana tukacheka sana, lakini msimamo wake haukubadilika na mi nauheshimu. Nilimpa penseli za boga la bluu.

Sasa baada ya hapo watoto wamenogewa, ndo huyu mkubwa kaniambia mama kuna maktaba ina mzimu wa kweli, iko Evansville, Indiana, na mwezi wa kumi wanawatembeza watu. Inaitwa Willard Library. Mwendo wa saa mbili hivi na barabara ya 64 kuelekea magharibi. Nikatoa ofu yangu.

Kosa la kwanza letu wenyewe, Evansville wako nyuma yetu saa moja, ni majira mengine. Tumetoka saa kumi na moja jioni tumekimbizana tusichelewe, tunafika simu inajigeuza yenyewe inasema saa kumi na mbili. Lisaa lizima la kusubiri, nje, mbele ya jengo la matofali mekundu lenye madirisha yaliyochongoka na kimnara, reli iko hapo karibu, jua linazama. Basi ikawa heri, magharibi imeingia tukatandika mkeka kwenye majani tukasali, nyuma yetu nyumba ya mzimu. Binti akasema mama ukisali hapa mzimu hauji, nikamwambia ndo maana nasali hapa.

Hadithi yenyewe ni hii. Tajiri mmoja Willard Carpenter aliacha mali yake ijengwe maktaba ya watu wote, tabaka zote, rangi zote, wanaume kwa wanawake, bila malipo milele. Huyo ni mtu aliyekufa 1883, maktaba ikafunguliwa 1885, yeye hakuiona ikifunguliwa. Binti yake Louise akaenda mahakamani kudai mali ya baba, akashindwa. Mwaka 1937 mfanya usafi wa pale akashuka chini usiku wa baridi kukoleza tanuri la kupasha jengo joto, akamkuta mwanamke kavaa kijivu mwili mzima na shela. Jamaa akaacha kazi. Tangu hapo wanamwita Mama wa Kijivu, watu wanasema wanasikia manukato, baridi ya ghafla, bomba la maji linajifungua lenyewe, na wapo wanaoamini ndo huyo Louise bado anafuatilia chake.

Mi niliposikia hapo nikacheka peke yangu kwenye kundi la watu. Kumbe ni kesi ya mirathi! Nimekulia kwenye majini ya Tanga, mwaka 1995 mtu akitoka Unguja au Pemba anakuhadithia popobawa, lile jini linalovamia watu usiku, mpaka watu wamelala nje uani, nikategemea kitu cha kuchinja. Kumbe ni dada wa watu kakatwa kwenye urithi. Kwetu ana wenzake tele, ila wako hai na wako mahakamani.

Wanakotembeza usiku taa zimepunguzwa, ngazi za mbao zinalia, wanaeleza taratibu bila kelele, hakuna mtu wa kuruka na msumeno. Na mwanangu mdogo hakuogopa hata kidogo, alilala mgongoni kwangu. Aliyeogopa ni mimi, tena sehemu moja tu, tulipofika chini. Maana mi ndo yule mfanya usafi. Mi ndo nashuka chini saa tisa usiku peke yangu na ndoo, taa za korido zinawaka kwa kuhisi mtu, unatembea mbele yako giza nyuma yako giza. Nikamwelewa kaka wa watu wa 1937 kuliko mtu yeyote mule ndani. Ila kuacha kazi ndo siwezi, kodi atalipa nani.

Kwa anayetaka kwenda: uliza tarehe mapema maana ni mwezi wa kumi tu, kumbuka saa ya Evansville, vaa viatu vya kupanda ngazi, na kama una mtoto wa kubebwa njoo na kitenge maana strola itakusumbua. Maktaba ya mtaani nawapa nyota nne kati ya tano, hiyo moja iliyopungua ni ya shuka. Willard nawapa tano.

Na wana kamera. Tangu 1999 wameweka kamera mle ndani mtu yeyote duniani anaangalia kwenye intaneti kama Mama wa Kijivu atapita. Mwanangu kaniwekea kwenye simu. Juzi nimekaa brek yangu saa tisa usiku, kwao saa nane, wali wangu kwenye bakuli nimeegesha simu kwenye kopo la sabuni, naangalia. Mashelfu. Kiti. Meza. Hamna kitu. Nimemaliza kula bado naangalia, sakafu yao inang'aa sana, sijui wanatumia dawa gani.